The Armstrong Lie: Mwongozaji Aliyedanganywa Mbele ya Kamera Yake

Filamu ya hali halisi The Armstrong Lie, iliyotolewa mwaka 2013, ina historia ya kutengenezwa inayovutia karibu sawa na kisa chenyewe inachokisimulia, na mtazamaji asiyeifahamu historia hiyo atapata shida kuelewa kwa nini imepangwa jinsi ilivyopangwa. Mwongozaji wake, Mmarekani Alex Gibney, alikuwa ametunukiwa Oscar mwaka 2008 kwa filamu kuhusu dereva wa teksi aliyeuawa akiwa mikononi mwa wanajeshi wa Marekani nchini Afghanistan, kwa hiyo hakuwa mgeni katika kazi ya kuwahoji wenye nguvu. Hata hivyo, mwaka 2009 alishika kazi ya namna nyingine kabisa. Alikubali kumfuata bingwa wa mbio za baiskeli Lance Armstrong, ambaye baada ya kustaafu kwa zaidi ya miaka mitatu alikuwa anarudi mashindanoni akiwa na umri wa miaka 37, akiutafuta ushindi wa nane wa Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za kila mwaka nchini Ufaransa. Picha zilipigwa, uhariri ukasogea mbali, na simulizi ilikuwa ya shujaa anayerejea. Kisha, mwezi Mei 2010, Floyd Landis, aliyewahi kuwa mwenzake katika timu, akaeleza kwa kina jinsi timu nzima ilivyokuwa ikitumia dawa zilizopigwa marufuku, na filamu ikawekwa kando kwa kuwa hakuna aliyejua tena ilikuwa inahusu nini.

Tunachokitazama leo ni vazi lile lile lililofumuliwa na kushonwa upya. Gibney anasimulia kwa sauti yake mwenyewe, na mapema kabisa anakiri kwamba alipokuwa barabarani Ufaransa mwaka 2009 aligeuka shabiki, akamtamania Armstrong ushindi kama walivyomtamania maelfu waliosimama kandokando ya barabara. Baada ya mahojiano maarufu ambayo Armstrong aliungama mbele ya Oprah Winfrey mwezi Januari 2013, Gibney alirudi kwake na kamera, akidai maelezo kwa haki ya mtu aliyedanganywa ana kwa ana. Armstrong akakubali kwamba anadaiwa. Jina la filamu nalo lina asili yake: tarehe 23 Agosti 2005 gazeti la michezo la Ufaransa, L'Équipe, lilichapisha ukurasa wa mbele wenye kichwa cha habari kilichotaja uongo wa Armstrong, baada ya sampuli zake za mkojo za mwaka 1999 kupimwa upya na kukutwa na EPO, dawa iliyopigwa marufuku inayoongeza chembe nyekundu za damu. Ilipita miaka saba zaidi kabla ya wenye mamlaka ya mchezo kukubali kile ambacho msomaji wa gazeti hilo alikisoma asubuhi ile.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, kisa kwa ufupi ni hiki. Armstrong, kijana wa Texas, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani mjini Oslo mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 21. Mwezi Oktoba 1996 aligunduliwa kuwa na saratani ya korodani iliyokwisha kusambaa hadi kwenye mapafu na ubongo. Alipona, akarudi, na kuanzia mwaka 1999 hadi 2005 akashinda Tour de France mara saba mfululizo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya. Taasisi yake ya kusaidia wagonjwa wa saratani iliuza mamilioni kwa mamilioni ya mikanda ya mkononi ya rangi ya njano kwa bei ya dola moja kila mmoja. Mwezi Oktoba 2012 shirika la Marekani la kupambana na dawa haramu michezoni, USADA, lilitoa ushahidi wa zaidi ya kurasa 1,000, ukiwemo wa waliokuwa wenzake 11 katika timu. Katika mwezi huo huo akafutiwa matokeo yote ya tangu Agosti 1998, na kampuni ya Nike ikamwacha.

Hayo yote yanapatikana katika magazeti, na kama filamu ingeishia hapo nisingependekeza mtu apoteze jioni yake. Thamani yake iko kwingine. Gibney anayo mikononi picha nyingi za mtu anayedanganya, zilizopigwa kwa karibu, kwa muda mrefu, na kwa nia njema, wakati mdanganywaji akiwa ndiye aliyeshika kamera. Sijui filamu nyingi zilizowahi kubahatika hivyo. Mahojiano ya mwaka 2009 yanawekwa jirani na yale ya mwaka 2013, na mtazamaji anajikuta akimchunguza mtu yule yule akisema mambo mawili yanayopingana kwa sauti ile ile na utulivu ule ule. Nilitarajia kuona tofauti, pengine jicho linalokwepa au maneno yanayokwama. Hakuna. Armstrong wa mwaka 2009 anaeleza usafi wake kwa urahisi wa mtu anayetaja anwani ya nyumba yake, na hilo ndilo linalotisha, maana kama hakuna alama ya nje basi sisi watazamaji tunaojisifu kwamba tungemtambua mara moja tunajidanganya pia.

Mfano mzuri ni sehemu ambapo wapimaji wa dawa wanafika nyumbani kwake bila taarifa na kuchukua sampuli, huku watoto wake wakiwa karibu. Katika filamu iliyokusudiwa awali, tukio hilo lingekuwa ushahidi wa usumbufu anaouvumilia mtu asiye na hatia. Katika filamu tuliyonayo halijaongezewa hata neno moja la kumshutumu, wala halihitaji. Tunamwona baba akitania, akitia saini karatasi, akiendelea na siku yake, nasi tunajua kwamba kwa miaka mingi vipimo vya namna hiyo ndivyo vilivyokuwa ngao yake kuu: alikuwa akidai kwamba amepimwa zaidi ya mara 500 na hajawahi kukutwa na kosa. Gibney ana busara ya kuziacha picha za zamani zijisemee, na pale anapofanya hivyo filamu inakuwa bora sana.

Dai hilo lenyewe halikuwa kweli, na sehemu inayohusu mwaka 1999 ni ya lazima kwa anayetaka kufahamu jinsi mfumo ulivyofanya kazi. Katika Tour ya mwaka huo, ya kwanza aliyoshinda, sampuli zake zilionyesha chembechembe za kotikosteroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Cheti cha daktari kilichorudishwa tarehe nyuma kikaonyesha kwamba alikuwa ametumia krimu ya kutibu vidonda vinavyosababishwa na kukalia kiti cha baiskeli, na Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, likakipokea. Tusisahau kwamba mwaka uliotangulia Tour nzima ilikuwa imetikiswa baada ya gari la timu ya Festina kukamatwa likiwa limesheheni dawa. Mchezo ulihitaji sura mpya, na ikatokea sura ya kijana aliyetoka kwenye kitanda cha saratani. Nani angetaka kuichafua? Miaka iliyofuata Armstrong aliichangia UCI zaidi ya dola 100,000, michango ambayo shirikisho lililopaswa kumsimamia liliona inafaa kuipokea.

Kuhusu dawa zenyewe, filamu inaeleza kwa lugha inayoeleweka hata kwa asiye na elimu ya tiba. EPO ni homoni ambayo figo huitengeneza ili kuuamuru uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Ile ya maabara ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa upungufu wa damu, hasa wenye figo zilizoshindwa, lakini mwanamichezo mwenye afya akijidunga anapata damu yenye uwezo wa kubeba oksijeni nyingi kuliko alivyojaliwa na maumbile. Mwaka 1997, kwa kuwa hapakuwa na kipimo cha kuitambua, UCI iliweka kikomo kwamba chembe nyekundu zisizidi asilimia 50 ya damu, kikomo ambacho wajanja walikigeuza kuwa shabaha. Kipimo cha EPO kilipoanza kutumika kuanzia mwaka 2000, wakarudia njia ya zamani: kutoa damu yao wenyewe wiki kadhaa kabla ya mashindano, kuihifadhi kwenye baridi, kisha kuirudisha mwilini katikati ya mbio. Kwa mujibu wa maelezo ya Landis, mwaka 2004 basi la timu lilisimamishwa kando ya barabara kwa kisingizio cha ubovu wa injini, na wanamichezo wakalala humo ndani wakiongezewa damu.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki hatajiona yuko mbali. EPO ndiyo iliyomwangusha Rita Jeptoo mwaka 2014, ikamwangusha Jemima Sumgong miezi michache baada ya kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya Olimpiki ya marathoni, na ikamfungia Asbel Kiprop kwa miaka minne mwaka 2019. Lakini habari hizi kwa kawaida hutufikia zikiwa fupi mno: jina la mkimbiaji, jina la dawa, idadi ya miaka ya adhabu, basi. Daktari hatajwi, wakala hatajwi, aliyelipa gharama hatajwi. Filamu hii inaonyesha mashine nzima inayoweza kusimama nyuma ya jina moja, kuanzia mkurugenzi wa timu Johan Bruyneel hadi mawakili, wadhamini na maofisa wa shirikisho, na kwa sababu hiyo pekee ningependa itazamwe na kila anayeandika habari za riadha katika ukanda wetu.

Mtu anayestahili kutazamwa kwa makini zaidi katika mashine hiyo ni daktari wa Kiitaliano Michele Ferrari, aliyeanza kufanya kazi na Armstrong mwaka 1995 na ambaye, kwa mujibu wa USADA, alilipwa naye zaidi ya dola milioni moja. Ferrari si mtu wa kuzungumza na vyombo vya habari, na kumpata mbele ya kamera ni mafanikio makubwa ya Gibney. Anaonekana kama mwalimu wa hesabu, mpole, mwenye kupenda takwimu za nguvu na uzito, na unapomsikiliza akieleza jinsi mwili unavyopanda mlima unaanza kuelewa kwa nini wanamichezo walimwamini. Hata hivyo, naona mwongozaji alimwachia mapema mno. Mtu wa namna hii akikubali kukaa kitini, inafaa abanwe kwa maswali hadi aseme jambo ambalo hakukusudia kulisema, na hilo halikutokea.

Upande wa pili yuko Betsy Andreu, mke wa Frankie Andreu aliyekuwa mwenzake Armstrong katika timu. Wawili hao walieleza chini ya kiapo kwamba mwaka 1996, katika chumba cha hospitali mjini Indianapolis, walimsikia Armstrong akiwatajia madaktari dawa alizotumia: EPO, testosteroni, homoni ya ukuaji, kotizoni na steroidi. Kwa kusema hivyo Betsy aliitwa mwongo, mwenye wivu na mwendawazimu kwa miaka mingi. Katika filamu anazungumza haraka, kwa hasira ambayo haijapoa, na bila kujali kama anapendeza kwenye picha. Kila anapotokea filamu inapata uzito wa kimaadili ambao inaukosa pale inapokaa muda mrefu na Armstrong. Kumbukumbu za video za ushahidi alioutoa Armstrong mwaka 2005 zinasikitisha kwa namna nyingine. Kampuni ya bima ya SCA Promotions ilikuwa imekataa kumlipa bonasi ya ushindi ikimshuku kutumia dawa, naye akaapa kwamba hajawahi kutumia, akaongeza kuwa asingeweza kuhatarisha imani ya watu waliopona saratani. Kampuni hiyo iliishia kulipa dola milioni 7.5.

Ndipo ninapofika kwenye malalamiko yangu, nayo si madogo. Filamu ina urefu wa saa mbili na dakika chache, na sehemu kubwa mno ya muda huo inatumika kwa Tour ya mwaka 2009. Tunaonyeshwa kwa kirefu mvutano baina ya Armstrong na Alberto Contador ndani ya timu moja ya Astana, shambulio la Contador kwenye mlima wa Verbier, na hatimaye mapambano ya Mont Ventoux ambako Armstrong alilinda nafasi yake ya tatu nyuma ya Contador na Andy Schleck. Naelewa kwa nini. Picha zilikwisha kupigwa, zimegharimu fedha, na ni nzuri kweli. Helikopta, jua, umati, vumbi la mlima mtupu. Lakini zinabeba msisimko wa filamu iliyokufa. Mwongozaji anatuomba tushikwe na shauku ya kujua kama Armstrong atapanda jukwaani Paris, wakati sisi tumekwisha kuambiwa kwamba nafasi hiyo nayo ilifutwa. Anajitetea kwa kusema kwamba anataka tuonje ulevi ule ule uliompata yeye. Hoja hiyo ina ukweli, ila kuionja kwa dakika kumi kungetosha.

Kuna suala zito zaidi linalofungamana na mwaka huo. Armstrong amekiri kutumia dawa katika ushindi wake wote saba, lakini anashikilia kwamba aliporudi mwaka 2009 alikuwa safi. USADA haikukubali, ikisema kwamba uwezekano wa vipimo vyake vya damu vya kipindi hicho kutokea kwa njia ya asili ulikuwa chini ya mmoja katika milioni. Gibney analiuliza swali hilo, anaweka hoja za pande zote mbili, kisha anasita. Nadhani anasita kwa sababu jibu linamhusu yeye binafsi: akikubali kwamba Armstrong alidanganya hata mwaka 2009, basi kamera yake ilikuwepo chumbani wakati kosa likiendelea nayo haikuona kitu.

Kusita huko kunampa Armstrong faida anayoijua kuitumia vizuri. Katika mahojiano ya mwaka 2013 anasema kwamba hakuishi maisha ya uongo mwingi, aliishi uongo mmoja mkubwa. Ni maneno yaliyopangwa vyema, na filamu inayachukua kama kiini chake, lakini hayalingani na ushahidi uliomo katika filamu hiyo hiyo. Uongo dhidi ya Betsy Andreu ulikuwa uongo wa peke yake. Uongo dhidi ya Emma O'Reilly, mkandaji wa timu aliyesimulia mambo ya cheti kilichorudishwa tarehe nyuma na akalipwa kwa matusi ya kumvunjia heshima yake kama mwanamke, ulikuwa mwingine. Kesi iliyofunguliwa Uingereza dhidi ya gazeti la Sunday Times, ambalo lililazimika kulipa fedha kwa kuandika jambo lililokuwa kweli, ilikuwa uongo mwingine tena. Mwaka 2004 Armstrong alimfukuzia kwa baiskeli Mwitaliano Filippo Simeoni, mtu asiye tishio lolote katika msimamo wa mashindano, kwa sababu tu alikuwa ametoa ushahidi dhidi ya Ferrari. Kisha akageukia kamera na kupitisha vidole mdomoni kama anayefunga zipu. Hapo hapakuwa na dawa. Palikuwa na mtu mwenye mamlaka anayewaonyesha wenzake kitakachompata atakayefungua kinywa. Kwa maoni yangu, filamu ilipaswa kukaa zaidi na waliokanyagwa na kupunguza muda wa aliyewakanyaga, ambaye tayari alikuwa amepata saa za kutosha mbele ya Oprah.

Kiufundi kazi ni safi. Uhariri unaruka kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, na anayeingia bila kuijua historia anaweza kupotea katika nusu saa ya kwanza, ila tarehe huandikwa kwenye picha na subira inalipa. Mazungumzo ni ya Kiingereza cha kasi, na mimi niliona manufaa ya kuwasha maandishi ya chini hata pale nilipodhani nimeelewa. Muziki haulazimishi hisia, kwa bahati nzuri.

Ilipoanza kuonyeshwa mwezi Septemba 2013 katika tamasha la Venice, Tour de France ilikuwa imetoka kushindwa na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyeshinda pia juu ya Mont Ventoux mwezi Julai mwaka huo na badala ya pongezi akaulizwa na waandishi kama naye ni Armstrong mwingine. Filamu haiwezi kulaumiwa kwa kutokuwa na habari zilizokuja baadaye, kama vile makubaliano ya mwaka 2018 ambapo Armstrong alikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 5, kwa kuwa timu yake ilidhaminiwa na shirika la posta la nchi hiyo. Katika fedha hizo Landis, aliyeianzisha kesi, alipata dola milioni 1.1.

Anayeupenda mchezo wa baiskeli atatazama yote na hatachoka. Kwa klabu ya riadha au darasa la uandishi wa habari lenye muda mfupi, mimi ningechagua sehemu ya mwaka 1999, mahojiano ya Ferrari, maneno yote ya Betsy Andreu na video ya kiapo ya mwaka 2005, kisha nusu ya Tour ya mwaka 2009 ningeiruka bila kujuta.